Mshairi Niliyemrudisha Kanisani

Mshauri mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya cha miaka miwili. Ulinishauri nikistaafu nipande waridi, nami nilipanda. Sasa naomba msaada katika jambo zito zaidi. Nilikuwa mwalimu wa fasihi hapa Tübingen, na miaka ishirini na mitano iliyopita nilihariri mkusanyo wa mashairi ya Kijerumani ya zama zetu, ambao bado unasomwa shuleni, na humo nilimweka Bi Roswitha Kehrer katika sura ya mwisho, ya sala na tenzi, kwa kuwa kila shairi lake humwita "Wewe" asiyetajwa jina, nami nikadhani ni Mungu wa kanisani bila kumuuliza, na tangu hapo walimu humruka, maana sura hiyo haitahiniwi.

Juzi, kitabu kikikaribia kuchapwa upya, alinialika kwa kahawa na keki ya plamu. Ana miaka themanini na tisa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikwenda ofisi ya serikali nikatia saini kwamba nimetoka kanisani. Hata kodi ya kanisa, ile serikali inayowakata waumini, silipi. Wewe umenirudisha kwa nguvu."

"Nitakuhamishia kwa washairi wenzako, Bi Kehrer. Hakuna atakayejua."

"Hilo ndilo nisilolitaka. Andika kwenye dibaji kwamba ulikosea, au niache huko huko na wachungaji wako. Kula keki."

"Na huyo 'Wewe' ni nani?"

"Ningemjua, ningeandika shairi moja tu."

Wanafunzi wangu wa zamani, sasa maprofesa, wameinukuu dibaji yangu ya kwanza, nilimomwita mshairi wa sala, katika tasnifu zao; nikikiri, nitawaaibisha nao. Mchapishaji anataka jibu Ijumaa. Nikishaamua, nitakuandikia.

Mhariri, Tübingen

*

Mpendwa mwalimu,

Isome barua yako kama insha ya mwanafunzi: jina lake umelitaja, lako umelificha. Najua kukiri kosa lililochapishwa kunauma, hasa kwa mtu aliyewakata wengine alama maisha yake yote. Lakini usijifiche nyuma ya maprofesa. Hao watajitetea wenyewe. Bi Kehrer hana toleo jingine la kusubiri.

Ukimhamisha kimyakimya, utamkosea mara ya pili: wasomaji watadhani alikuwa pale siku zote, na miaka aliyorukwa itakosa mwenyewe. Andika leo sentensi tatu: ulimweka wapi, kwa nini, na kwamba hukumuuliza. Tia jina lako kamili. Umsomee yeye kwanza, kisha mchapishaji. Safari hii keki upeleke wewe.

Ukishaamua, usijisumbue kuniandikia. Nitaisoma dibaji.