Koti Lako Limekusema, Babu

Babu, shikamoo.

Nimekuachia nafasi ya kuitikia. Haya. Mimi mkeo mdogo sijambo, ila nina mashitaka, na kwa kuwa siku hizi huitiki wito wa kikao, nakuandikia.

Tulipomaliza matanga ukoo ulikaa kugawana vitu vyako. Baba alipewa jembe na fimbo. Mimi nikapewa lile koti la kijivu ulilovaa jua na baridi, lenye vifungo visivyofanana hata viwili. Wakasema mke mdogo apewe yeye, ndiye anayelalamikia baridi. Nikalia mbele za watu na wala sikuona aibu.

Bibi hakulia. Tangu tukuzike, Babu, hali. Ugali na mlenda vinapoa mbele yake. Anakaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba chenu na haingii ndani. Nikimuuliza ana nini, ananijibu, "Babu yako kaondoka bila kujua nilichomficha." Basi, hasemi zaidi. Mimi nikawaza makubwa. Niliwaza labda kauza shamba la zabibu. Niliwaza hata labda baba yangu si mwanao, nikaenda kujitazama masikio kwenye kioo. Masikio ni yako, hayana ubishi.

Siku naondoka Mvumi kurudi kazini mjini, alinifungia karanga za kukaanga kwenye khanga yake kuukuu. Nilimwacha pale pale kwenye kigoda, amekonda, na njia nzima nilikuwa naogopa kwamba nitarudi kuzika tena.

Sasa kazi yangu. Unakumbuka nilikwambia natafuta vitu visivyoonekana, ukasema mganga naye anatafuta hivyo hivyo na hakwenda chuo? Nakueleza tena, maana mara ile ulisinzia. Tuna vibamba vidogo kama ukucha, vimepakwa dhahabu, na juu ya dhahabu kuna vinundu vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Kitu kikinasa kwenye vinundu hivyo, hata kiwe kidogo namna gani, ukikimulika kwa leza kinarudisha mwanga wa namna yake peke yake. Wewe ulikuwa unamjua mtu kwa kikohozi chake kabla hajapiga hodi. Ndivyo hivyo. Ile dhahabu inakikuza kikohozi, mashine inachora mstari, nasi tunamjua mgeni ni nani.

Basi zililetwa zabibu za mkulima mmoja wa Mkonze, kabla mnunuzi hajazichukua, tuangalie kama zina dawa ya wadudu. Mkulima kaapa hajapuliza kitu. Upepo wa baridi ulikuwa unapenya mpaka mifupani, nikaingia maabara na koti lako, jambo ambalo haliruhusiwi. Mashine ikasema nikotini. Kila kichala, nikotini. Mkuu wangu wa maabara, mama mmoja asiye na mzaha, akasema huyu mkulima kapuliza maji ya tumbaku, mnunuzi aambiwe. Nikamwomba anipe nafasi nirudie. Nikaweka kibamba kitupu, bila zabibu wala nini. Nikotini.

Hapo ndipo nikautazama mkono wangu, na mkono wa koti. Nikapangusa ule mkono kwa pamba yenye spiriti, nikapima. Mstari ulipanda mpaka nikadhani mashine imeharibika. Mfukoni ndiyo usiseme.

Babu wewe. Wewe uliyesimama kanisani siku ya kubariki ndoa, umemshika Bibi mkono, mkaapa wote wawili kuuacha ugoro. Mkatoa ushuhuda. Mchungaji akawa anawatolea mfano kwa vijana. Na zile chafya zako za kila jioni ukasema ni vumbi la Dodoma, tukakuonea huruma, majirani wakakuletea mkaratusi ujifukize.

Sasa maabara ina adabu yake, humtii mtu hatiani bila kitu safi cha kumlinganisha naye. Nikalitoa koti nje, nikanawa, nikavaa glavu mpya, nikapima kibamba kitupu mpaka kikatulia. Kisha nikachukua khanga ya Bibi, ile ya karanga iliyokuwa bado mkobani mwangu, maana nani msafi kuliko Bibi? Nikafungua lile fundo la kwenye pindo, nikapangusa ndani kabisa. Nililichagua fundo kwa sababu wewe hukuwahi kuligusa maisha yako yote, ndimo anamoficha hela.

Mstari ukapanda. Ule ule wa kwako, bega kwa bega.

Nilikaa chini sakafuni. Mkuu akadhani nimepigiwa simu ya msiba mwingine. Nilikuwa nacheka, Babu, na machozi yananitoka. Wewe ulisingizia vumbi, yeye moshi wa jikoni. Nyumba nzima chafya, na kila mmoja anamwambia mwenzake pole.

Zabibu nilizipima upya bila koti, zikatoka safi. Jumamosi nikarudi Mvumi. Njiani nilisitasita, kwa maana marehemu hasemwi vibaya, na jina lako kanisani bado ni kubwa. Lakini tumbo la Bibi lilikuwa tupu. Nikaketi karibu naye, nikamwekea koti mapajani, nikamweleza yote, ya kwako na ya kwake.

Akatia mkono mfukoni, akaunusa. "Huyu mzee," akasema. "Huyu mzee mwongo!" Akacheka hadi khanga ikamdondoka mabegani, kisha akalia kile kilio ambacho hakukilia siku ya kukuzika. Alipomaliza akaomba ugali. Akala wake, akala na wangu. Kisha akaingia chumbani kwenu mwenyewe.

Koti kaninyang'anya. Baridi naisikia mimi.

Nakuahidi kwa mchungaji sitafika na habari hizi, na nitahakikisha anakula. Anakusalimu. Anasema hana haraka ya kuja, ila akija usihangaike kuficha kopo la ugoro. Lala salama, mume wangu.

Jana alikuwa kibarazani, amejifunika koti lako, akapiga chafya tatu mfululizo. Nikamwambia, "Pole na vumbi, Bibi."

Mkeo mdogo