Sabuni ya Mama na Moto wa Tofu

Karangjati, Banyumas
24 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Sugeng,

Asalamu alaikum. Habari za Taichung na za kiwandani? Bega limepona, au bado unajifanya jabali? Sisi hatujambo. Kikohozi cha Mama kimepungua, ila ulimi haujapungua hata kidogo.

Pumua sasa: karakana yetu ya tofu haifungwi! Leseni ya chuo kikuu tumeipata jana.

Unaikumbuka ile orodha uliyonitumia, ya uvumbuzi ambao chuo kikuu kinautoa kwa leseni? Bu Palupi, mhadhiri aliyebuni lile tangi la kugeuza maji machafu ya soya tunayotengenezea tofu kuwa gesi ya kupikia, alitufungia moja la majaribio uani. Mkuu wa kijiji alikuwa ameshasema maji yakiendelea kunuka mtaroni hadi mwisho wa Septemba, tufunge. Na chuo hakitoi leseni mpaka wakaguzi wauone moto wa gesi hiyo ukiwaka.

Uliwaka vizuri wiki nne. Kisha Mama akasikia wageni wanakuja. Unamjua. Alisugua sakafu, akasugua kuta, nusura aogeshe kuku. Halafu akafungua tangi na kumimina ndoo mbili za maji ya sabuni na klorini. Asubuhi moto haukuwaka. Nililia, Sugeng, sikufichi.

Bu Palupi alinusa tu, akajua. "Mama jamani, wale vijidudu wanaotengeneza gesi ndio wafanyakazi wangu! Umewaua wote!"

"Ningejuaje, mwanangu? Mgeni nimpokee na uchafu?"

Bu Palupi alicheka mpaka akakaa chini. Aliwaomba wakaguzi wiki tatu, akasema tangi lisafishwe, kisha litiwe samadi mbichi ya ng'ombe, yenye vijidudu wapya. Na mwenye ng'ombe ni nani hapa? Bu Sarinem, jirani yuleyule aliyezungusha karatasi ya kutaka tufungiwe! Mama alimeza aibu, akaenda. Wakarudi wote wawili na ndoo, wamenuniana.

Juzi wakaguzi waliukuta moto unawaka, wa buluu, umetulia.

Leo asubuhi Bu Sarinem kaja mlangoni na bakuli lake kununua tofu. "Mbona leo hampiki? Sisikii ule uvundo wa mtaroni."

Mama alikuwa anakata tofu ya moto. Aliweka kisu chini, akalia kwa furaha.

Shangazi Tumini anakusalimu. Nisalimie Wahyu na wenzako wote wa bwenini. Mungu akulinde na akurudishe salama. Mama anasema ukipata wageni, usioshe kitu kabla hujauliza.

Dada yako anayekupenda na kukusumbua,
Winarsih