Kadi ya Rukia

Bwejuu, Unguja
Jumapili, mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na miwani haijakaliwa tena na wajukuu. Mimi mwili hauna neno. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenisikia nalia, ungeanza kulia na wewe, na tusingefika popote. Halafu nakujua, simu yangu huwa unaiweka sauti ya juu ili majirani wasikie mwanao anavyosema Kiswahili cha visiwani. Hii isome peke yako kwanza.

Unakumbuka nilikwambia wanawake wa huku ni wavivu wa kuleta watoto kliniki? Ukanijibu nisiwaseme watu ambao sijakaa nao. Nilicheka. Sasa sicheki.

Kazi yangu hapa kituoni ni kupima watoto uzito, kuwachanja na kuandika kwenye kadi zao. Chanjo ya surua tulikuwa tunaitoa Jumatano mbili kwa mwezi, saa mbili asubuhi hadi saa sita. Kichupa chake kimoja ni cha watoto kumi. Ukishakifungua ni cha saa chache tu, kinachobaki unakimwaga, na nilishakaripiwa kwa kumwaga. Kwa hiyo nikajifunza kuwa mkali. Saa sita ikigonga nafunga daftari.

Kitu nisichokijua ni bahari. Wanawake wa hapa wanalima mwani, na mashamba yao yamo majini, vigingi na kamba. Yanafikika siku chache tu za bamvua, maji yanapotoka mbali sana, na siku hizo maji hutoka asubuhi, saa zilezile za kliniki yangu, na Jumatano zetu zilikuwa zinaangukia humohumo. Zikipita, mtu anasubiri wiki mbili nyingine. Ni kama wewe uambiwe uache kahawa imeiva shambani uende kukaa kwenye benchi. Mimi mtu wa Mbinga nilikaa karibu mwaka mzima nikiitazama bahari kama picha ya kalenda, wala sikumwuliza mtu inakwendaje.

Mwanaidi anakaa nyumba ya pili kutoka kituoni. Siku moja alikuja saa saba mchana, kanga imelowa hadi magotini, amembeba mwanawe Rukia kiunoni. Rukia alikuwa na miezi tisa na meno mawili, na kila nikimpima alikuwa ananyang'anya kalamu yangu.

"Nshachelewa, nesi?"

"Umechelewa. Njoo Jumatano nyingine."

"Maji ndo kwanza yanajaa, nesi. Saa zile nlikuwa ndani ya bahari. Nfanyeje?"

Nikamwambia kila mtu ana shughuli zake. Ndivyo nilivyosema, mama, kwa mdomo huu. Kichupa kilikuwa ndani ya friji, na mtoto alikuwa mbele yangu. Alikuja hivyo mara tatu. Mara ya tatu alichungulia tu mlangoni, akaona daftari limefungwa, akageuka.

Surua ilipoingia kijijini, Rukia alikuwa wa pili kuugua. Kifua kilimbana, na siku ya tano akafariki. Nilikwenda msibani nikasimama mlangoni, sijui niingie au nirudi. Mwanaidi akaniona. "Mpisheni nesi akae," akasema. Afadhali angenifukuza.

Baada ya hapo sikuweza kukaa bure. Nilichukua daftari, upande mmoja nikaandika siku zetu za kliniki, upande wa pili siku za bamvua, nikiulizia nyumba kwa nyumba. Nikampelekea Bi Zuhura, msimamizi wetu, mwanamke wa mtaa wa Amani, mjini, asiyecheka ovyo. Alilisoma lote, akavua miwani.

"Hili si la kituo," akasema. "Kituo hakina ruhusa ya kujibadilishia siku. Hili lende juu."

Kwenda juu kumetuchukua miezi. Tumeandika barua, tumeambiwa tungoje, tumeandika tena. Tulikuwa tunaomba mambo mawili tu: kliniki za vijiji vya mwani zifuate maji, na kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Mwishowe tuliitwa Chukwani, mbele ya kamati ya wawakilishi inayosikiliza mambo ya afya ya watoto. Mwanaidi akasema na yeye anakwenda. Njiani Bi Zuhura aliniinamia sikioni. "Sema ratiba, Skola. Hilo la kwako usilitie. Watakushika wewe, ratiba wataiacha."

Nilikubali, mama. Nakwambia ukweli, nilifurahi hata, kwamba nimepewa ruhusa ya kunyamaza.

Ukumbini kulikuwa na baridi ya mashine. Nilieleza vizuri, bamvua hivi, Jumatano hivi, na waheshimiwa walikuwa wanaandika. Nilipomaliza, Mwanaidi akafungua mkoba wake, akatoa kadi ya kliniki, akaiweka mezani. Mwenyekiti akaichukua.

"Hii ni ya mwanao?"

"Naam."

"Naona uzito wake mzuri. Hapa pa surua ndo patupu. Keshapata sasa?"

Mwanaidi alinigeukia mimi. Hakunitazama kwa hasira, alingoja tu, kama alivyongoja ile siku ya kwanza mlangoni. Bi Zuhura akakohoa.

Nikasimama. "Mheshimiwa, mtoto amefariki. Aliletwa kwangu mara tatu baada ya saa sita. Chanjo ilikuwepo. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Kisha mzee mmoja wa kamati akauliza: "Na vijiji vingine vya mwani, nako kliniki ni asubuhi?" Bi Zuhura akajibu kwamba ndivyo. Mwenyekiti akairudisha kadi kwa mikono miwili.

Agizo limefika mwezi huu. Vijiji vya pwani yetu vitajaribu kwanza: siku za bamvua kliniki inafunguliwa saa nane mchana, na kichupa kinafunguliwa hata akija mtoto mmoja. Ni majaribio tu, wanaweza kuyafuta. Mimi nimeandikiwa barua ya kujieleza, nimejieleza, na bado sijajibiwa. Ukisikia nimerudi Mbinga kuchuma kahawa na wewe, usishangae, na usimlaumu mtu.

Nisalimie kaka, na umwambie wifi mtoto wao akifikisha miezi tisa asisikilize habari za mvua wala njia mbaya, ampeleke akachanjwe surua. Akikuta nesi amefunga daftari, akae palepale mlangoni na asiondoke. Mwambie nimesema mimi, na mimi ni nesi. Nisalimie pia mjomba mpiga kengele, na mama mdogo mwambie vitenge vyake nimevipata.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Jumatano iliyopita ilikuwa bamvua, na hii lazima nikwambie.

Saa nane walikuja wengi, mama. Benchi lilijaa, sakafu ikalowa kwa kanga zao, chumba kizima kikanuka mwani. Nilichanja bila kuinua kichwa. Nilipokuja kuinua nikamwona Mwanaidi amekaa kwenye foleni, katikati ya wenzake, hana mtoto. Wa mbele yake wakiitwa, naye anasogea. Wenzake walikuwa wanampisha nafasi yake kama kawaida, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Zamu yake ilipofika alikuja akaketi kwenye kiti, akaiweka kadi ya Rukia mbele yangu. Kalamu ilinidondoka.

"Mwanaidi," nikasema, "Rukia…"

"Najua, nesi." Aliinyoosha kadi kwa kiganja, pembe zake zilikuwa zimejikunja. "Nlitaka nione tu kama saa hizi mnapokea."

Nikamwambia tunapokea. Akaichukua kadi yake, akampisha aliyekuwa nyuma.

Mungu akulinde, mama.

Ni mimi mwanao,
Skola