Upande wa Pili wa Jiwe la Festo

Kamwene, kaka Festo.

Nimeanza na salamu ingawa najua huitikii. Mdomo umezoea, nifanyeje. Nakuandikia nikiwa pale pale mezani kwetu Ilula, nyanya ziko mbele, kigoda chako kiko nyuma yangu. Juzi mteja alitaka kukikalia nikamwambia ni kibovu. Si kibovu.

Tangu tukuzike mvua zimekuja na kuondoka. Nyanya zimeshuka bei mpaka watu wanawamwagia ng'ombe. Mama anakula kidogo sana. Na kundi lenu la mtandaoni bado lipo, wale watu wa kila nchi mliokuwa mkichungulia picha za lile gari linalotembea lenyewe kule kwenye sayari ya Mirihi, mkitafuta viumbe vya zamani vilivyogeuka mawe. Niliwaandikia kwa simu yako kwamba umefariki. Walituma maua ya kwenye simu siku nzima. Na lile jiwe uliloliona kwenye picha, siku hizi wanaliita jiwe la Festo.

Unakumbuka siku ulipoliona? Basi limesimama, abiria wametoa vichwa madirishani wanataka sado za nyanya, wewe umechutama nyuma ya meza unakuza picha kwa vidole viwili. "Rehema, njoo uone konokono." Mimi nikaona jiwe. Ukanionyesha mviringo, na mwingine ndani yake, na mwingine tena. Abiria wakanunua kwa jirani. Nilikukasirikia kweli, kisha nikaangalia tena, nikamwona konokono.

Nikakwambia ligeuze. Si ndivyo Mama alivyotufundisha? Nyanya unaipanga uso mzuri utazame barabara, kovu linaangalia ndani, na mnunuzi mjanja lazima aigeuze. Ukacheka. "Hili haligeuki, mdogo wangu. Tunangoja gari la Mirihi lizunguke."

Ukangoja. Miguu ikavimba, unangoja. Tukakulaza Iringa mjini, unangoja, simu iko kifuani. Mimi nakukanda miguu, wewe unaniuliza kama picha mpya zimeshuka. Hakukuwa na kingine nilichoweza kufanya. Daktari naye alisema tungoje. Nimelichukia neno hilo.

Kaka, gari limezunguka.

Picha zilishuka matanga yalipokwisha. Kwa nyuma ni bamba la jiwe lililovunjika, mistari imenyooka tu, hakuna mviringo wowote. Mmoja kwenye kundi akaandika kwa upole kwamba ni kazi ya upepo. Nililia kama siku ile ulipotutoka hospitalini, mpaka nikajishangaa, mtu mzima nalilia jiwe. Nilitaka kukuita. Wewe ungebisha. Ungeikuza hiyo picha, ungesema ni kivuli, ungesema ni kamera. Mimi sijui kubisha kwa niaba yako.

Na Mama sikumwambia. Alishaamua siku nyingi kwamba tukijengea kaburi lako, fundi achore konokono kwenye saruji, chini ya msalaba. Amewaambia majirani, amemwambia mchungaji: mwanangu aliona kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiona. Ndicho kinachomwinua kitandani asubuhi. Ningemwondoleaje? Na ningeachaje uwekewe juu ya kifua kitu ambacho si kweli, wewe uliyekuwa ukizifuta picha zako mwenyewe ukigundua umekosea? Nimezunguka na jambo hili tangu wakati huo, sikupata pa kulitua.

Jumamosi fundi akaja. Saruji ikiwa bado mbichi akasema, "Dada, lete hiyo picha nichore, hii itanikaukia." Nikafungua simu. Picha zote mbili zilikuwa pale, zimefuatana. Nikashindwa kumpa. Mama akaichukua simu mkononi mwangu. Akaitazama ya kwanza, akaitazama ya pili, akarudi ya kwanza, taratibu, kama anachambua nyanya.

Akampa fundi ile ya kwanza.

"Chora hii," akasema. "Na uso wake utazame barabara."

Tulirudi nyumbani tukapanga nyanya za Jumatatu, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Basi, kaka. Gari limeshakwenda mbali na halitarudi kwa ajili yetu. Jiwe lako limebaki huko, hakuna mkono utakaoligusa. Na wewe uko karibu, natembea tu mpaka kwako, lakini ninachogusa ni saruji.

Nakuahidi nitakuwa nikifungua picha kila zinaposhuka. Nikiona mviringo nitakuja kukwambia, na nikiona upande wa pili nitakwambia pia, kwa sababu wewe ungetaka kujua. Mama nitamtunza. Na kigoda chako, yeyote atakayekiomba, nitaendelea kumwambia ni kibovu.

Pumzika, kaka yangu.

Rehema