Nilibadilisha laini kwenye kisanduku cha baba mkwe

Mama Sikudhani mpendwa, shikamoo. Nimekuwa nikisoma ukurasa wako kwa miaka na nimewacheka sana watu unaowagombeza, sasa zamu yangu imefika, naomba unisaidie, na kama lazima unigombeze basi iwe kidogo tu, maana mwenyewe nimeshajigombeza vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari hapa Manyoni, nina miaka thelathini na minane, mke wangu Yasinta ni muuguzi na tuna mtoto mmoja, Eliana. Baba mkwe wangu, Mzee Antipasi, alikuwa stesheni masta kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na hapa mjini mtu yeyote atakwambia kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuandika saa ya uongo kwenye kitabu cha treni, treni ikichelewa dakika nne anaandika nne, hata kama bosi wake mwenyewe yumo ndani ya behewa. Mzee hana ng'ombe wengi wala nyumba ya maana, ana jina hilo tu, na analilinda kweli kweli.

Mwaka huu Yasinta alianza kusoma shahada akiwa hapa hapa nyumbani, vipindi vinakuja kwa video Jumatatu na Alhamisi saa moja jioni, mwalimu wao yuko Dar es Salaam, na sheria yao ni kwamba ukikosa vipindi vitatu muhula mzima umekwenda na maji. Mzee aliposikia akasema atamnunulia binti yake intaneti ya nyumbani, kile kisanduku kinachowekwa laini ndani kikatoa mtandao nyumba nzima, lakini akasema yeye hanunui kitu kwa maneno ya matangazo, atapima kwanza mwenyewe. Kampuni zenye wakala hapa ni tatu. Akaenda kwa mawakala wote akaazima visanduku, nani angemkatalia mzee yule, na kwa siku kumi na mbili akawa anapima sebuleni kwake, kila siku saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa akipokea zamu stesheni, anafungua picha moja ile ile ya ubatizo wa Eliana, ameshika saa yake ya kazini mkononi, anahesabu sekunde mpaka picha ishuke imfikie mtoto miguuni, kisha anaandika kwenye daftari alilolipiga mistari: saa ya kuondoka, saa ya kufika, kuchelewa. Mwisho akazipa kampuni majina yake mwenyewe, na mimi nitatumia hayo hayo ili nisimchafue mtu: iliyoshinda akaiita Ekspresi, ya pili Abiria, ya mwisho akaiita Mizigo.

Mama, siku ya kwanza tu niliona kosa. Alfajiri watu wamelala, hakuna anayegombania mtandao, na mnara wa Ekspresi uko nyuma kabisa ya nyumba ya mzee. Sisi tunakaa ng'ambo ya reli kule bondeni, na Yasinta anasoma jioni, saa ambayo mji mzima umeshika simu. Lakini kwetu mkwe hapingwi, unamsalimia, unakaa, unasubiri akuulize, na yeye hakuniuliza. Nilijaribu mara moja kwa mbali, nikasema, "Baba, labda tungepima na jioni," akanikata papo hapo, "Mkwe, mambo ya kasi niachie mimi, wewe fundisha watoto." Nikanyamaza. Na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli wote, iliniuma, mimi ndiye mwalimu wa hesabu, nikasema moyoni acha ajionee.

Sasa aliyejionea ni mke wangu. Kisanduku cha Ekspresi kililetwa pamoja na Ribena na biskuti, tukapiga picha, na Alhamisi ile ile kipindi kilipoanza uso wa mwalimu ukaganda, duara likawa linazunguka tu, Yasinta akahesabiwa hakuwepo. Jumatatu vile vile. Akalia, akasema heri aache shule kuliko kumwambia baba yake zawadi haifai. Kesho yake nikapanda basi hadi Singida mjini ili asinione mtu wa hapa, nikanunua laini ya Mizigo, nikampa fundi akakifungua kisanduku kikubali laini nyingine, nikarudi nikaiweka ndani wakati Yasinta yuko zamu. Nje nembo ni ya Ekspresi, ndani ni Mizigo. Alhamisi kipindi kikaenda kama maji, mwalimu anaongea na midomo inafuata, Yasinta akaruka kwa furaha, akampigia mzee simu pale pale: "Baba, umepatia!" Mimi nimesimama mlangoni nacheka kama mjinga.

Ningesema siku hiyo yangekwisha. Sikusema. Mzee akaanza kuleta majirani zake sebuleni kwetu jioni, anawaonyesha video, anawasomea daftari, na mimi ndiye ninayewamiminia chai. Nyumba tano zimenunua Ekspresi, mkataba wa mwaka mzima, zote za huku bondeni.

Mmoja wao ni Mama Dorika, hilo ni jina lake mwenyewe, mjane, mtoto wake wa pekee Ignas ni askari, yuko Darfur na jeshi la kulinda amani, anapata nafasi ya kumpigia mama yake kwa video Jumapili jioni tu. Sasa kila Jumapili yule mama anauona uso wa mwanawe umeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, na ameshajiaminisha kwamba kijana ameumia na wakubwa wake wanamficha. Alikwenda kwa mzee kulalamika, mimi nikiwepo. Mzee akafungua daftari akamwambia, "Dorika, mashine haina kosa, namba zangu hizi hapa." Mama Dorika akamjibu, "Baba Yasinta, namba nimeziona. Mwanangu hasogei." Akaondoka bila kuaga, na mzee akabaki ameshika daftari.

Ndipo akaamua Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili awaite wote watano, akichukue kisanduku cha Yasinta akiwashe nyumbani kwa Mama Dorika, na cha Mama Dorika akilete kwetu, ili kila mtu ashuhudie kwamba visanduku ni sawa na kosa ni la mtumiaji. Mama, unaona kitakachotokea. Cha kwetu kitapiga kazi kule, cha kule kitakufa kwetu, watakifungua, wataikuta laini ya Mizigo, na mzee ataonekana ama mwongo ama mtu wa kudanganywa. Yasinta mwenyewe hajui chochote. Nimefikiria kununua laini nyingine tano za Mizigo nizipachike kimya kimya nyumba zote kabla ya Jumamosi, nikisingizia kuja kukagua nyaya. Nifanye nini?

Mkwe aliyekwama, Manyoni

MAMA SIKUDHANI ANAJIBU

Mwalimu, marahaba. Nitakugombeza, tena si kidogo, hilo punguzo uliloomba halipo.

Nianze na pale ulipofanya vizuri, maana pako. Mkeo alikuwa anapoteza shule, ukaamka ukapanda basi ukatafuta dawa. Wanaume wengi wanaoniandikia wangemwambia aache kusoma, apike. Kwa hilo nakupa mkono. Na kuogopa kumkosoa mkwe nakuelewa, na mimi nimeolewa bara, najua ukimya wa sebule ya wakwe ulivyo mzito.

Ila usinidanganye mimi kama ulivyowadanganya wale. Unasema ulinyamaza kwa heshima. Heshima kwa mkwe ni kuchagua maneno na kuchagua saa ya kuyasema, si kumnyima habari mpaka aaibike. Umeandika kwa mkono wako, "acha ajionee." Hicho ni kinyongo, mwalimu, umekivisha shati la heshima ukakitembeza mjini. Mzee hakukuuliza hesabu, ukanuna, ukaona raha akikosea. Kisha ulipopata dawa ukaificha, kwa sababu kuitoa kungekulazimu kusema kwamba ulijua tangu mwanzo. Na majirani walipokuja ukawamiminia chai! Hapo ndipo ulipoharibu. Laini ilikuwa siri ya nyumba yako, ile chai imeingia nyumba tano.

Na hizo laini tano za kupachika kimya kimya, hebu jisikie. Wewe ni mwalimu au mganga? Utakuwa unazunguka bondeni kuongeza vifurushi vya siri nyumba sita mpaka lini, mpaka Eliana aolewe? Wazo hilo lifute leo.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna jambo hujaliona na wewe ndiye mtu wa namba. Daftari la mzee halina uongo. Alfajiri, nyumbani kwake, Ekspresi ndiyo yenye kasi kuliko zote, amepima hivyo siku kumi na mbili na ameandika alichokiona. Alikosea kudhani kwamba kasi ya alfajiri karibu na mnara ndiyo kasi ya jioni bondeni, na kosa hilo hata hao mawakala wanalifanya wakipiga kelele na spika zao sokoni. Namba ya uongo hapo Manyoni ni moja tu, nayo iko kwenye rafu ya sebule yako. Umeiweka wewe, kisha ukamwacha mzee aitie sahihi kwa jina lake mbele za watu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza mkeo. Mwambie yote kabla hujamwambia mtu mwingine, kwa sababu alimsifu baba yake kwa kitu ambacho si chake na ana haki ya kujua kabla ya mtaa. Atakasirika. Mwache akasirike, usianze kujitetea kwa habari ya basi la Singida.

Kisha kamtafute mshenga wako, yule aliyebeba maneno yako ulipomposa Yasinta. Ukoo ulimweka kwa ajili ya siku kama hii, usidhani kazi yake iliisha pilau ilipoliwa. Nendeni pamoja kwa mzee. Mshenga afungue mlango na kuomba usikilizwe, akimaliza hapo anyamaze, maneno mengine ni yako. Na usithubutu kusema, "Baba, ulikosea." Sema, "Baba, nimekuficha." Mweleze laini, mweleze fundi, mweleze na ile "acha ajionee", hiyo usiiruke. Halafu mwombe akufanyie kazi: apime tena, kampuni zote tatu, saa moja jioni, huko huko bondeni, kwa saa yake na mkono wake. Wewe ubebe visanduku, yeye aandike. Mzee wa namna hiyo humpi pole, unampa vipimo.

Mkutano wa Jumamosi usiuvunje. Mwachie mzee aamue atawaambia nini majirani zake, ni jina lake, na naamini atasimama na daftari atasoma jedwali la pili kama alivyosoma la kwanza. Nawe usimame kando yake useme sehemu yako kwa kinywa chako. Mikataba ya hao watano mtaishughulikia pamoja kwa wakala, na wakala akiwazungusha, wewe ndiye utakayekuwa unarudi huko kila siku baada ya vipindi mpaka kieleweke.

Jumapili kisanduku chenye laini ya Mizigo kiwe kwa Mama Dorika saa kumi na mbili jioni, mapema, kikiwa kimejaribiwa. Yasinta hana kipindi siku hiyo. Mwacheni yule mama amwone mwanawe akisogea. Usikae ndani kusubiri asante, yule mama amelala wiki ngapi akidhani mwanawe ana risasi mwilini kwa sababu wewe ulikuwa na aibu?

Nakwambia na hili ulipime. Mzee akisikia kutoka kwako, atafoka, pengine atakufukuza siku hiyo. Akigundua Jumamosi mbele ya watu hatafoka, atachukua kofia yake aende kwake, na hatavuka tena reli kuja nyumbani kwenu. Yasinta atabaki na shahada na mume, baba hana.

La mwisho. Majina yote kwenye barua yako nimeyabadilisha, hata la mtoto, kama ninavyofanya kwa kila mtu. Lakini mwalimu, hapo mjini kuna stesheni masta wastaafu wangapi waliopima intaneti kwa saa ya reli siku kumi na mbili? Na mtu aliyefanya kazi stesheni miaka thelathini na moja, unadhani hasomi gazeti? Nimelijua hilo wakati naichapa barua yako, na nimeichapa. Gazeti hili linafika Manyoni Jumatano saa saba mchana. Kama umelishika sasa hivi, basi mzee naye analo lake, ila wazee huanzia ukurasa wa kwanza, hajafika huku kwangu. Omba ruhusa shuleni. Kimbia.