Siku Uliponiomba Nikusemee

Wifi yangu mpendwa,

Miaka mitano sasa umelala Usangu, mbali na kwenu Kihesa, na mimi ndiyo kwanza napata nguvu ya kukuandikia.

Kaka alipokuoa na kukuleta, tulikucheka ulivyoteseka na joto. Sisi tulihamia huku na ng'ombe wetu kutoka kaskazini. Mbu tulikwisha kuwazoea. Mimba ilipofika miezi minne nilikusindikiza kliniki. Nesi alikuuliza kwenu ni wapi, kisha akasema, "Wewe umetoka kwenye baridi, malaria ya huku itakuonea. Meza klorokwini kila Jumapili, usiache." Akanigeukia: "Na wewe umkumbushe."

Nilikukumbusha. Ulimeza ukikunja uso, halafu mwili ukakuwasha mpaka nikakukuna mgongo, tukicheka wote wawili.

Jumapili moja mama akatukuta. "Dawa chungu namna hiyo itamwacha mtoto tumboni? Mimi nimezaa sita, sijaonja kidonge." Akavichukua vyote, akavitupa motoni. Wewe mkwe hukuweza kumjibu. Ulinishika mkono. "Wifi, mwambie mama nesi alivyosema."

Nikasema, "Mama ndiye anayejua."

Sikuwa na shaka na maneno ya nesi. Nilimwogopa mama tu.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mvua zimejaza mbuga, homa ikakushika. Asubuhi ulitetemeka, mchana ulikuwa ukimwita dada yako kwa Kihehe, hututambui. Kaka akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Tope lilitunasa mara mbili. Mtoto alizaliwa humo njiani, wa kike, hakulia. Nikamfunga kwenye kanga yangu. Wewe ulipumua mpaka tukaliona bati la zahanati, basi.

Mama alilia kuliko sote. Simlaumu sana, yeye hakuwepo kliniki.

Mwaka jana nami nilipata mimba. Nilimeza klorokwini mbele yake, kila wiki. Alinitazama, akainama, akaendelea kuchambua mchele. Nimejifungua salama, mtoto wa kiume, na kila wanaponipongeza natamani kujificha.

Mwezi uliopita nikamweleza kaka. Nilidhani atanipiga. Aliuliza tu, "Alikuomba umsemee, ukanyamaza?"

"Ndiyo, kaka."

Akasimama, akachukua fimbo, akaenda kwa ng'ombe wake. Tangu siku hiyo hapiti kwangu. Tukikutana kisimani hunywesha mifugo na kuondoka, salamu yangu haiitikii. Mwanangu hajamshika hata mara moja.

Sikuandikii nipate msamaha, maana wa kuutoa hayupo. Nimetaka tu wewe uambiwe na mimi mwenyewe. Pumzika na binti yako.

Mimi,
Wifi yako