Kabila la Mama

Jumatatu, 1 Septemba 2014
Nimesuka vichwa vitatu kabla ya saa nane. Vidole vinauma. Wa mwisho alitaka rasta nyembamba kama uzi, kisha akalalamika namchelewesha. Wanafunzi wa Glenwood wana haraka, nywele hazina.

Espérance, ninayeishi naye chumba kimoja, ametoka kwenye maombi na habari. Tume ya kwetu Burundi inakusanya majina ya waliouawa vitani. Watambuliwe, familia zilipwe fidia. Sisi wa Durban tutajaza fomu kwa Mzee Déo, katibu wa kanisa. Espérance atawaandika kaka zake wawili. Akaniuliza mimi nitamwandika nani. Nikasema mama. Kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 3 Septemba
Miaka sita tunakula sahani moja. Espérance hajui kwamba mimi ni Mtwa, si Mhutu wala Mtutsi. Hapa hakuna anayejua.

Kwetu, Mtwa akipewa maji kwa jirani, kikombe kile kilitengwa, asikinywee mwingine. Mama alifinyanga vyungu vya kijiji kizima, kazi ambayo kwetu ni ya Watwa. Walipikia, wakala, naye akikaribishwa alikaa nje. Vijana waliomuua walisema amewaficha adui zao. Hao adui wenyewe hawakuwahi kunywa maji kwetu. Nina hasira hata leo.

Jumapili, 7 Septemba
Nilingoja foleni yote iishe. Nikamwambia Mzee Déo kwamba mama alikuwa Mtwa. Neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwangu tangu nivuke mpaka. Hakushtuka. Aliisoma fomu, akaigeuza, akatazama nyuma.

"Eish, dada. Hapa iko nafasi mbili tu. Hutu ao Tutsi."

Akasema atauliza. Nisiwe na wasiwasi. Alikuwa mpole sana. Afadhali angekuwa mkali, ningejua pa kuipeleka hasira.

Ijumaa, 26 Septemba
Kimya. Nimempigia Mzee Déo mara tatu. Mteja kaniuliza kwa nini namvuta nywele hivyo.

Jumanne, 7 Oktoba
Orodha imefika. Jina la mama limo. Kabura Anastasie. Nililigusa kwa kidole.

Pembeni yake: Mhutu.

Mzee Déo ndiye aliyeandika. Siku ya mwisho ilifika, jibu hakuna, akaona heri jina lifike hivyo kuliko lisifike kabisa. Alinieleza kwa tabasamu. Alitegemea nimshukuru, na nilimshukuru. Kisha nikauliza kama inaweza kusahihishwa. Inaweza. Jina litafutwa, nianze fomu upya. Nafasi ni zilezile mbili.

Mnyonge hana haki, walisema wahenga. Hawakusema afanye nini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeandika barua ya kusahihisha. Nimeichana. Nimeandika nyingine, nayo nimeichana.

Nikiacha, mama anakuwa mtu mwingine. Nikisahihisha, hakuuawa.

Nilitaka kumwambia Espérance. Alikuwa anasuka kamba ya begi lake, anaimba. Sikuweza. Sina la kufanya. Naandika tena: sina la kufanya.

Jumapili, 12 Oktoba
Ibada ya majina. Mzee Déo alisoma polepole, kanisa zima limesimama. Walisomwa kaka zake Espérance, akalia, nikamshika. Kisha likasomwa jina la mama. Watu ambao wasingempa kikombe walimlilia. Walilia kweli. Niliona machozi yao na sikujua niyachukie au niyapokee.

Nje, mwanamke mmoja mtu mzima alikuja kunipa pole. Anauza nguo Queensburgh, sikuwa namfahamu. Alinishika mikono yote miwili, akauliza marehemu mama yangu alikuwa akifanya kazi gani.

Nikasema alikuwa mkulima.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Mama yake pia alikuwa mkulima.